Kuijenga upya timu ya NFL kwa zamu za drafti: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila Aprili ikikaribia, mwezi wa drafti, yaani shughuli ambapo timu za NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, huchagua vijana kutoka vyuoni kwa zamu, napokea mipango. Mtu amechukua timu mbovu ya futiboli ya Marekani, ama kwenye mchezo wa kompyuta, ama kwenye ule mchezo wetu wa kundi ambapo kila mmoja anakabidhiwa timu aiongoze kama meneja mkuu. Ananitumia karatasi yake nimwambie kama atafika.

Hafiki. Mwaka wa kwanza ameuza zamu za miaka mitatu ili ampate kwotabeki mmoja, yule anayetupa pasi na kuongoza mashambulizi. Mwaka wa pili kijana wa watu anaangushwa chini mechi nzima kwa sababu hana wa kumlinda. Mwaka wa tatu timu ni mbovu kuliko alivyoikuta na hakuna kilichobaki cha kuuza. Najua njia hiyo vizuri, nimeipita mara mbili.

Kosa linaanzia kwenye kuona zamu ya drafti kama mchezaji. Zamu ni mkataba wa miaka minne kwa bei ya chini, basi. Anayenunua jina hulipa kupita kiasi. Anayenunua miaka minne ya bei rahisi huuliza maswali mengine kabisa: miaka hiyo itaangukia lini, nani atakuwa naye wakati huo, na sokoni mtu wa namna hii angenigharimu kiasi gani?

Kielelezo changu ni Detroit Lions chini ya meneja mkuu Brad Holmes, aliyeajiriwa Januari 2021. Kazi yao unaweza kuifuata zamu kwa zamu kama mtu anayefuata nyayo.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Kaa chini na vitu hivi. Ukikosa kimoja, usimpigie mtu simu kumpendekezea biashara.

- Daftari la zamu zako zote, za mwaka huu na miaka miwili ijayo, pamoja na ulizopata kwa wengine. Drafti ina raundi 7 na timu 32. Walioshika mkia huchagua kwanza, bingwa huchagua wa mwisho.
- Jedwali la thamani. La kawaida ni lile lililotoka Dallas Cowboys enzi za kocha Jimmy Johnson: zamu ya 1 ina pointi 3000, ya 2 ina 2600, ya 10 ina 1300, ya 32 ina 590.
- Orodha ya mikataba ya kikosi chako: umri wa kila mtu, mshahara, mwaka mkataba unapoisha.
- Ukomo wa mishahara. Mwaka 2025 ulikuwa dola milioni 279.2 kwa kila timu. Utakuja kuulilia, lakini si mwaka wa kwanza.
- Ubao wa majina yasiyopungua 100, uliopangwa kwa matabaka. Namna ya kuupanga iko hatua ya 4.
- Mmiliki aliyekubali kupoteza. Kwenye mchezo wa kundi, mmiliki ni wewe mwenyewe. Huwezi kuvumilia misimu miwili ya vichapo? Chukua timu nyingine.

## Hatua ya 1: Wahesabu watakaokuwepo

Chora mstari kwenye msimu wa tatu kutoka sasa. Pita jina moja moja na ujiulize: siku hiyo huyu atakuwa bado mzuri, na atakuwa bado na mkataba? Ndiyo kwa maswali yote mawili, anabaki. Hapana kwa lolote, ni bidhaa.

Kwa nini msimu wa tatu? Kwa sababu vijana utakaowachagua sasa watakuwa wamekomaa na bado ni wa bei rahisi. Hapo ndipo nguvu ya timu yako itakapokuwa. Mchezaji hodari wa miaka 31 anakusaidia kushinda mechi sita badala ya nne, na shukrani unayopata ni zamu mbaya zaidi mwakani.

Lions walipofanya hesabu hiyo, kwotabeki wao Matthew Stafford alikuwa anaingia miaka 33 na timu haikuwa karibu na kushinda chochote. Lakini hawakuuza kila mtu. Taylor Decker na Frank Ragnow, walinzi wawili wa mstari wa mbele, wanaomkinga kwotabeki, waliochaguliwa raundi ya kwanza mwaka 2016 na 2018, walibaki. Watu hupasahau hapa. Wakisikia kujenga upya wanafagia nyumba mpaka wanatupa na jiko.

Umefanya sawasawa kama orodha ya wanaobaki ni fupi, watu watano hadi kumi, na inakuuma kidogo.

## Hatua ya 2: Uza mapema, na uwauzie wenye haraka

Mnunuzi mzuri ni yule anayedhani amebakiza mtu mmoja tu kuufikia ubingwa. Yeye hathamini zamu za mwakani. Wewe ndizo unazozitaka. Mameneja wana desturi ya kuihesabu zamu ya mwakani kana kwamba iko raundi moja chini, yaani zamu ya raundi ya pili ya mwakani inabadilishwa na zamu ya raundi ya tatu ya mwaka huu. Mtu mvumilivu anakula faida hiyo kila mwaka.

Stafford alikwenda Los Angeles Rams. Lions walipata raundi ya tatu ya 2021, raundi ya kwanza ya 2022, raundi ya kwanza ya 2023, na kwotabeki Jared Goff ambaye Rams walikuwa wamemchoka na walitaka mtu wa kuwapunguzia mkataba wake mnene. Weka alama kwenye zamu hizo, tutakutana nazo tena.

Tahadhari ya kwanza. Zamu ya mwakani ina thamani kulingana na mnunuzi atakavyocheza. Rams walitwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa, wakiwa na Stafford Februari 2022, hivyo zamu ya kwanza ikaangukia ya 32, mwisho kabisa wa raundi. Msimu uliofuata Rams wakaporomoka, ushindi 5 na vipigo 12, na zamu ya 2023 ikawa ya 6. Ndiyo maana unadai miaka miwili tofauti, huweki vyote kwenye msimu mmoja.

Tahadhari ya pili inahusu pesa. Bonasi ya kusaini mkataba hulipwa mkononi mara moja, lakini kwenye hesabu ya ukomo husambazwa miaka yote ya mkataba. Mchezaji akiondoka katikati, kiasi kilichobaki kinakuangukia, mtu hayupo na deni lake lipo. Timu inayojengwa upya inaweza kulibeba deni hilo mwaka wa kwanza kwa sababu haina mahali pengine pa kutumia pesa. Libebe mwaka huo. Ukilisogeza mbele litakukuta unapotaka kuwalipa vijana wako.

## Hatua ya 3: Jifunze kupiga hesabu ya jedwali

Mipango ninayotumiwa imejaa biashara ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu angezikubali, au ambazo mwenyewe angelia baada ya kujumlisha. Chukua kalamu tufanye moja pamoja.

Aprili 2023 Lions walikuwa na ile zamu ya 6 iliyotoka Rams. Waliwapa Arizona Cardinals zamu ya 6 na ya 81. Arizona wakawapa ya 12, ya 34 na ya 168.

Upande wa Lions: zamu ya 6 ni pointi 1600, ya 81 ni 185. Jumla 1785.

Upande wa Arizona: ya 12 ni 1200, ya 34 ni 560, ya 168 ni kama 24. Jumla 1784.

Tofauti ni pointi moja. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Lakini angalia kilichotokea: Lions walikuwa na nafasi moja ya kupata mchezaji wa kuanza tangu mwaka wa kwanza, wakatoka na mbili. Kwenye ya 12 walimchukua mkimbiaji Jahmyr Gibbs. Kwenye ya 34, Sam LaPorta, taiti endi, yaani mchezaji anayezuia na pia kupokea pasi, ambaye msimu huohuo alipokea mipira 86, idadi ambayo hadi wakati huo hakuna taiti endi aliyekuwa ameifikia mwaka wake wa kwanza.

Kushuka namna hii ndiyo kazi kuu ya timu inayojengwa upya. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler walizichunguza drafti za miaka mingi na kukuta kwamba ukiwalinganisha wachezaji wawili wa nafasi moja waliochaguliwa wakifuatana, wa kwanza humzidi wa pili kwa kidogo tu zaidi ya nusu ya mara. Karibu sawa na kurusha shilingi. Kama macho yetu yanaona vibaya kiasi hicho, anayerusha shilingi mara nyingi ana nafuu kuliko anayelipa ghali arushe mara moja.

Je, kupanda ni mwiko? Hapana. Mwaka mmoja kabla, Lions hao hao walipanda. Waliwapa Minnesota Vikings zamu ya 32, ya 34 na ya 66, wakapokea ya 12 na ya 46. Jumlisha: 590, 560 na 260 ni 1410. Ya 12 na ya 46 ni 1200 na 440, yaani 1640. Walipanda nafasi ishirini na bado wakatoka na chenji! Kwenye ya 12 wakamchukua mpokeaji Jameson Williams, aliyekuwa ameumia goti Januari hiyo na asingecheza miezi mingi. Timu yenye haraka isingeweza kumsubiri. Wao haraka ya nini?

Kanuni yangu ni hii: panda ikiwa unalipa kwa zamu ulizopata kwa wengine, hesabu inakupendelea au iko sawa, na hugusi raundi ya kwanza yako mwenyewe ya mwakani. Timu yako ni mbovu, kwa hiyo zamu yako ya mwakani huenda ikawa ya 3. Kuiuza ni kula mbegu.

## Hatua ya 4: Panga ubao kwa matabaka, usipange kwa namba

Usiandike 1 hadi 100. Ukiandika hivyo utamwamini namba 14 kumzidi namba 15 bila sababu yoyote, na tumeona shilingi inavyoruka.

Mimi hutumia daftari la shule la mistari. Ukurasa wa kwanza ni watu ninaoamini watakuwa nguzo kwa miaka kumi. Mara nyingi hawazidi sita. Ukurasa wa pili ni wa kuanza mwaka wa kwanza bila wasiwasi. Wa tatu ni wa kuanza mwaka wa pili. Wa nne ni wale wenye kipaji kimoja kikubwa na kasoro moja kubwa. Ndani ya ukurasa hakuna aliye juu ya mwenzake.

Majina unayapata kwa kutazama mechi zao za chuo, angalau tatu kwa kila mtu na moja iwe ile aliyocheza vibaya, kisha unaoanisha na vipimo vya majaribio ya Indianapolis yanayofanyika kabla ya Machi kuchanganya. Vipimo vinathibitisha ulichokiona, havikuonyeshi usichokiona. Kijana akikimbia yadi 40 kama swala na kwenye mechi hukumwona akimpita mtu, amini mechi.

Zamu yako ikifika, hesabu wangapi wamebaki kwenye ukurasa wa juu kabisa ambao bado una majina:

- Wamebaki watano na zamu yako inayofuata haiko mbali: shuka. Mmoja wao utamkuta hukohuko chini.
- Wamebaki wawili: chagua yule ambaye nafasi yake ni tupu kwenye kikosi chako. Hapa tu ndipo mahitaji ya timu yanaruhusiwa kusema.
- Amebaki mmoja: mchukue, simu izime.

Anayechagua kwa mahitaji tangu mwanzo hufika raundi ya pili ameshikilia mtu wa ukurasa wa tatu kwa bei ya ukurasa wa kwanza, na anajisifu kwamba ameziba pengo.

## Hatua ya 5: Nunua kwanza nafasi ambazo sokoni ni ghali

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote.

Tangu makubaliano ya mishahara ya 2011, chipukizi hulipwa kwa namba ya zamu, halipwi kwa nafasi anayocheza. Mwaka 2010 Sam Bradford alidhaminiwa dola milioni 50 kabla hajatupa pasi moja kwenye ligi. Mwaka mmoja baadaye Cam Newton, naye akiwa wa kwanza kuchaguliwa, alipata kama milioni 22 kwa miaka minne. Zamu ya 7 inalipwa mshahara wa zamu ya 7, awe mlinzi wa mstari au mpiga mateke.

Sasa fikiri kama mnunuzi. Ukienda soko la wachezaji huru, yaani waliomaliza mikataba yao, kwotabeki hanunuliki. Mlinzi wa pembeni wa mstari, anayezuia watu wenye kilo 120 wasimfikie kwotabeki, ni ghali mno. Mvamizi, yule anayekimbilia kumwangusha kwotabeki wa wenzenu, ni ghali zaidi. Mpokeaji na beki wa pembeni nao ni ghali. Wakimbiaji, malainibeka wa katikati (walinzi wa safu ya pili) na wapiga mateke utawapata kwa bei ya kawaida. Basi zamu za juu zitumie pale ambapo soko lingekukamua.

Lions walianza hivyohivyo. Mwaka 2021, zamu ya 7: Penei Sewell, mlinzi wa mstari. Mwaka 2022, zamu ya 2: Aidan Hutchinson, mvamizi. Miaka miwili, nguzo mbili, wala hapakuwa na shamrashamra za kwotabeki mpya.

Sasa utaniuliza: na Gibbs je, mkimbiaji kwenye zamu ya 12? Siku ile nilipiga kelele mwenyewe. Hadi leo nasema ilikuwa bei kubwa kwa nafasi hiyo, na ilifaa kwa sababu mstari wa mbele ulikuwa tayari umesimama. Mkimbiaji ni paa, na paa huliezeki kwenye kiwanja kitupu.

Kwa wanaodhani natania kuhusu wapiga mateke: mwaka 2016 Tampa Bay Buccaneers walipanda, ndiyo, walipanda, hadi zamu ya 59 kumchukua mpiga mateke Roberto Aguayo. Agosti 2017 walimwacha.

## Hatua ya 6: Kwotabeki, kwa utulivu

Hapa ndipo karatasi nyingi ninazotumiwa zinapochanika.

Machi 2023 Carolina Panthers walipanda kutoka zamu ya 9 hadi ya 1. Waliwapa Chicago Bears zamu hiyo ya 9, ya 61, raundi ya kwanza ya 2024, raundi ya pili ya 2025, na mpokeaji wao bora DJ Moore. Wakamchukua Bryce Young. Soma tena orodha: walimnunua mtupaji kwa kumuuza mpokeaji. Walimaliza na ushindi 2 na vipigo 15, mkiani mwa ligi nzima, kwa hiyo zamu waliyoitoa ikawa ya kwanza kabisa ya 2024. Bears wakaitumia kumchukua Caleb Williams.

San Francisco 49ers walitoa raundi za kwanza tatu mwaka 2021 kupanda hadi zamu ya 3 na kumchukua Trey Lance. Aliwaanzia mechi nne tu. Kilichowaokoa ni Brock Purdy, zamu ya 262 ya mwaka 2022, mtu wa mwisho kutajwa katika drafti nzima. Usipange maisha yako kwa kutegemea Purdy.

Linganisha na Houston Texans mwaka 2023. C.J. Stroud walimchukua kwenye zamu yao wenyewe ya 2, bila kumlipa mtu. Ndipo wakapanda hadi ya 3 kumchukua mvamizi Will Anderson, na sehemu ya malipo ilikuwa zamu ya 12 waliyoipata kutoka Cleveland Browns kwa kumuuza kwotabeki wao Deshaun Watson. Stroud na Anderson wakatwaa tuzo za chipukizi bora, mmoja wa ushambuliaji, mwingine wa ulinzi. Timu iliyokuwa na ushindi 3 ikafika 10 na kushinda mechi ya mtoano.

Kwa hiyo, kabla ya kumchukua kwotabeki juu, timiza masharti haya:

1. Yuko ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Ukimweka pale kwa sababu tu huna kwotabeki, utalipia.
2. Una walinzi wa pembeni wawili na mpokeaji mmoja wa kweli.
3. Amefika kwenye zamu yako, au bei ya kupanda haigusi kikosi wala mbegu.

Sharti la tatu lina mwanya mmoja. Timu iliyokwisha kuwa nzuri inaweza kulipa raundi ya kwanza ya mwakani, maana zamu yake itakuwa ya mwishoni. Kansas City Chiefs walifanya hivyo mwaka 2017, kutoka 27 hadi 10, kwa Patrick Mahomes, wakamkalisha karibu mwaka mzima nyuma ya Alex Smith. Walikuwa wametoka kushinda mechi 12. Kama wewe umeshinda 3, mfano huo haukuhusu.

Na kama hakuna anayetimiza masharti? Tafuta kwotabeki wa kuvukia. Goff, ambaye wengi walimwona kama mzigo uliofungashwa pamoja na zamu, aliongoza Lions kushinda mechi 15 msimu wa 2024.

## Hatua ya 7: Raundi ya 3 hadi ya 7

Hapa unatafuta wingi, na unatafuta sababu ya kijana kushuka. Amepitwa kwa urefu? Kwa chuo kidogo? Kwa jeraha lililokwisha kupona? Hizo zinasameheka. Amepitwa kwa sababu mechi kubwa humwoni uwanjani? Mwache.

Amon-Ra St. Brown alichaguliwa zamu ya 112 mwaka 2021, raundi ya nne, baada ya wapokeaji 16 wengine. Anawajua wote kwa majina na huwataja kwa mpangilio akiombwa. Kerby Joseph, zamu ya 97 mwaka 2022, aliongoza ligi kwa kunyakua pasi 9 za wapinzani msimu wa 2024.

Kuna zamu nyingine za bure ambazo watu hawazikumbuki: zamu za fidia. Timu ikipoteza wachezaji huru wengi au wa ghali kuliko iliowasajili, ligi huifidia kwa zamu kati ya raundi ya 3 na ya 7, zisizozidi nne kwa timu. Ujanja upo hapa: mchezaji aliyeachwa na timu yake kabla mkataba haujaisha hahesabiki. Ukitaka mkongwe wa kukusukumia msimu, msajili wa namna hiyo, na fidia yako itabaki salama.

Drafti ikiisha, piga simu haraka kwa waliobaki bila timu. Kikosi kina nafasi 53 na cha mazoezi 16. Huwezi kuzijaza kwa zamu pekee. Daniel Adongo, Mkenya wa kwanza kuingia NFL, hakupitia drafti kamwe. Indianapolis Colts walimtoa kwenye raga mwaka 2013.

## Hatua ya 8: Usiku wenyewe

Raundi ya kwanza huanza Alhamisi saa mbili usiku kwa saa za New York. Afrika Mashariki ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, saa ambayo akili ya mtu inakubali biashara yoyote. Lala mapema, amka na chai.

Andika kabla: nitashuka kwa bei gani, nitapanda kwa bei gani, nani simgusi hata akiporomoka. Karatasi iwe mezani. Zamu ikikufikia na unatetemeka, fuata karatasi. Siku ya tatu, raundi ya 4 hadi 7, huanza Jumamosi saa moja jioni kwetu, na hapo wengi wamechoka au wamehama kwenye mchezo. Ndipo mimi hupata zamu za mwakani kwa bei ya kutupa.

## Hatua ya 9: Jua lini pa kuacha

Unaweza pia kushindwa kwa kulimbikiza. Cleveland Browns walikusanya zamu kama mtu anayeweka akiba asile. Mwaka 2016 walishinda mechi 1 kati ya 16. Mwaka 2017 hawakushinda hata moja. Katika drafti ya 2017 waliuza zamu ya 12 kwa Houston, na Houston wakaitumia kumchukua Deshaun Watson. Mwaka 2022 Browns wakarudi Houston kumnunua Watson huyohuyo, safari hii kwa raundi za kwanza tatu na zamu nyingine juu yake, pamoja na mkataba wa dola milioni 230 uliodhaminiwa wote.

Msimu wa kwanza utakuwa mchungu na haukuambii kitu. Lions wa 2021 walikaa bila ushindi hadi Desemba, wakamaliza 3, vipigo 13, sare 1. Msimu wa pili walianza kwa ushindi 1 na vipigo 6, na watu walikuwa tayari wanataka vichwa. Walimaliza 9 kwa 8. Tazama hiyo nusu ya pili ya msimu wa pili: kama vijana wako wa drafti ndio wanaoanza mechi na unapoteza kwa pointi chache, uko njiani. Kama wanaoanza bado ni wakongwe wa kuazima, rudi hatua ya 4, macho yako ndiyo yenye tatizo.

Dalili ya kuacha kushuka na kulimbikiza ni ndogo: unafika raundi ya tano na huoni mtu ambaye angempokonya namba mchezaji wako wa akiba. Tangu hapo zamu za ziada zitumie kupanda.

Kisha zinakuja bili. Chipukizi anaruhusiwa kuongezewa mkataba baada ya msimu wa tatu. Waliochaguliwa raundi ya kwanza wana mwaka wa tano ambao timu huamua kuuchukua au kuuacha mwanzoni mwa Mei baada ya msimu huo wa tatu, siku chache tu tangu drafti imalizike. Lions waliwaongezea Sewell na St. Brown siku moja, Aprili 2024: milioni 112 na milioni 120, kila mmoja miaka minne. Waliweza kwa sababu Hutchinson, Gibbs na LaPorta walikuwa bado kwenye mishahara ya chipukizi.

Kwa hiyo Jumapili baada ya drafti, kabla hujajisifu kwenye kundi kwa vijana uliowapata, fungua daftari la miaka mitatu nyuma. Andika mbele ya kila jina: nalipa sasa, nachukua mwaka wa tano, au nauza kabla ya Oktoba kwa mtu mwenye haraka.